Nasaba ya Petroli

Jambo la kwanza lililomtia Mkemia shaka juu ya kituo cha mafuta cha mjomba wake ni kwamba Mjomba mwenyewe hakujaza gari lake pale. Alizipita pampu zake tatu zilizopakwa rangi mpya, akavuka barabara, akajaza kwa mshindani wake wa upande wa pili. Ukimuuliza, alikuambia kwamba anampelekea jirani riziki.

"Biashara si uchoyo," alikuwa akisema, huku akipandisha kioo cha gari.

Watu walimsifu kwa moyo wake mkunjufu. Mkemia peke yake alikaa kimya, maana alikuwa mwanamke wa kunusa kwanza na kusema baadaye. Hata chai ya ukweni aliinusa kabla ya kuinywa, jambo ambalo wifi zake hawakumsamehe.

Mkemia aliajiriwa na Mamlaka ya Mafuta, na kazi yake ilikuwa vinasaba. Petroli iliyolipiwa ushuru ilitiwa kule bohari kuu tone dogo la kemikali, ndicho kinasaba, ambalo halionekani kwa macho wala halinusiki. Iliyopita mlango wa nyuma haikuwa nalo kabisa, na iliyochanganywa na mafuta ya taa ilikuwa nalo kiduchu. Basi Mkemia alikuwa akiihoji petroli: wewe ni wa ukoo gani? Aliihoji kwa mwanga. Aliimulika sampuli kwa mwanga wa rangi moja, ile kemikali ikaunywa mwanga huo na kutoa wake wa rangi nyingine. Hapo spektromita, mashine kubwa kama friji lililolazwa chali, iliuchambua ule mwanga kama mtu achambuavyo mchele, ikachora mstari wenye kilele. Kilele kikisimama mahali pake kwa kimo chake, petroli ni halali. Kikiwa kifupi, imechakachuliwa. Kikiota mahali pengine kabisa, ujue humo ndani kuna mgeni ambaye hakualikwa.

Tatizo la spektromita ni kwamba haikubebeka, na haikupendeza kwenye picha. Ndiyo maana Mkurugenzi wa Mamlaka aliporudi kutoka safari ya ng'ambo, alirudi na maboksi ya vifaa vidogo vyeusi vya kushika mkononi. Unatia kichupa cha petroli, unabonyeza, namba inatokea. Wafanyakazi waliviita kurunzi. Mkurugenzi mwenyewe walimwita Mia kwa Mia, kwa sababu hakuna namba nyingine aliyowahi kuifurahia.

"Bosi," Mkemia alisema kwenye kikao cha kuvipokea, "hiki kifaa kinapima ukali wa mwanga tu. Hakiangalii ni mwanga wa rangi gani. Ni kama mlinzi anayemfungulia geti kila mwenye sauti nene, akidhani ndiye mwenye nyumba."

"Kwani mwenye nyumba ana sauti gani?" Mia kwa Mia aliuliza.

"Nene."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Kikao kizima kilicheka, na ajenda ikafungwa.

Wakaguzi wakaingia mitaani na kurunzi zao. Matokeo ya duru ya kwanza yalikuwa msiba. Kituo kilichofanya vizuri kilipata asilimia sitini. Kituo cha Mjomba kilipata thelathini na moja, na mkaguzi aliirudia mara tatu kwa huruma, kila mara ikitoka ileile. Mia kwa Mia aliziangalia namba zile kwa uchungu wa mtu aliyetukanwa.

"Nitazipelekaje huko juu namba kama hizi?" alilalamika. Hakufunga kituo hata kimoja. Aliwapa wenye vituo muda wa "kujirekebisha kwa hiari", akaagiza duru ya pili.

Jumapili iliyofuata Mkemia alikwenda kwa mama yake kama kawaida. Mama alikuwa na mashine ya kusaga nafaka kwenye banda nyuma ya nyumba, na injini yake ilikunywa petroli ya bure iliyoletwa kwa dumu na Mjomba, mdogo wake wa pekee. Kwa hiyo katika nyumba ile Mjomba hakuwa mtu wa kusemwa vibaya. Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, sahani yake imejaa, uso umenuna.

"Huyo amefika," alisema. "Mpelelezi wetu."

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, kama bado unanitambua. Thelathini na moja, mwanangu! Damu yako mwenyewe! Kutwa kucha unatafuta nasaba kwenye petroli, na nasaba yako unaitupa jalalani."

"Mimi sikuja kupima kwako, Mjomba. Alikuja mkaguzi mwingine, na mimi niliomba nisiwekwe kwenye mtaa wako."

"Ndiyo nikasema unanikana! Ungekuja wewe, ungeimulika kwa upole."

"Mwanga hauna upole wala ukali, Mjomba. Petroli inajibu yenyewe."

"Petroli haing'ai!" Mjomba alimgeukia dada yake. "Dada, wewe umewahi kuona petroli inang'aa? Imekuwa bibi harusi?"

"Mwache mjomba wako ale," Mama aliamua kesi.

Wakaendelea kula. Kisha Mjomba akabadilika ghafla, sauti ikalainika kama uji. "Hebu nieleze vizuri basi, mpwa wangu. Mimi si mtu wa shule. Hiyo kemikali yenu inang'aaje?"

Tangu aanze kazi, hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kumwuliza Mkemia anafanya nini hasa. Mama yake aliwaambia majirani kwamba binti yake "yuko kwenye mafuta", nao wakadhani anakaanga. Basi lile swali lilimwingia kama maji kwa mwenye kiu. Aliweka kijiko chini. Alieleza mwanga unaoingia na mwanga unaotoka, akasogeza vikombe mezani kuonyesha ngazi ambazo nguvu ya mwanga inapanda na kuteremka.

"Vitu vingi vina tabia hiyo," alisema, macho yakimwaka. "Hata ile rangi ambayo mafundi wa viyoyozi vya magari wanaingiza kwenye mabomba ili watafute panapovuja. Wakimulika na tochi ya zambarau, inang'aa kama jicho la paka. Inayeyuka vizuri tu kwenye mafuta. Ni ndugu wa mbali wa hiki cha kwetu, ingawa si yenyewe."

Mjomba aliacha kutafuna.

"Ndugu wa mbali," alirudia taratibu. "Elimu ni kitu kizuri sana, mwanangu." Akanawa mikono kabla nyama haijaisha, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Duru ya pili, kituo cha Mjomba kilipata asilimia mia tatu na arobaini.

Mkaguzi alidhani kurunzi imeharibika, akaleta nyingine, nayo ikasema vilevile. Habari haikukaa. Siri ya wawili ni siri, ya watatu ni tangazo, na fundi wa viyoyozi aliyemuuzia Mjomba ile rangi alikuwa na wateja wengine wenye pampu. Baada ya muda mfupi, mshindani wa upande wa pili alipata mia mbili na tisini, na kituo cha karibu na sokoni kikavunja rekodi kwa mia nne. Madukani rangi ya kutafutia uvujaji ikaadimika. Petroli ya mji mzima ilikuwa halali mara tatu kuliko petroli yoyote iliyowahi kulipiwa ushuru.

Mia kwa Mia alilia machozi ya furaha, akatangaza sherehe ya kukipa kikombe kituo cha Mjomba, kilichokuwa cha kwanza kuvuka mia. Aliamuru wafanyakazi waache kumwita kwa jina lile la zamani, kwa kuwa limepitwa na wakati.

Mkemia aliomba sampuli ya kituo cha Mjomba, akajifungia nayo maabara. Alijua atakachokiona, ila alitaka kukiona. Mstari ulipoanza kujichora, kilele cha kinasaba kilijitokeza mahali pake, kifupi kama kisiki. Pembeni yake, mahali pasipostahili, kikainuka kingine kikubwa mno, kikapanda hadi kikatoka nje ya mchoro. Kinasaba halisi kilikuwa asilimia ishirini na mbili. Tangu duru ya kwanza Mjomba alikuwa amezidisha mafuta ya taa, maana sasa alikuwa na ulinzi.

Mkemia alikaa kitini. Hasira aliyoitegemea haikuja. Kilichokuja ni sura ya Mjomba akisikiliza kwa makini pale mezani, vikombe vikisogezwa, na furaha aliyokuwa nayo yeye mwenyewe kwamba hatimaye mtu wa ukoo wake anamsikiliza. Hilo ndilo lililomuuma.

Alipeleka mchoro kwa Mkurugenzi.

"Hii nini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Petroli ya kituo mnachotaka kukipa kikombe, Bosi. Kinasaba ni ishirini na mbili. Hiki kirefu ni rangi ya mafundi."

"Ishirini na mbili ya mia tatu na arobaini?"

"Ya mia."

Mkurugenzi aliugeuza mchoro, akautazama juu chini, kisha akaurudisha. "Spektromita yako ina umri gani?"

"Ina miaka kadhaa."

"Na kurunzi?"

"Ni mpya."

"Wewe mwenyewe umejijibu. Mzee akibishana na kijana mwenye macho mazima, nani anaona vizuri?" Alimsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote. "Siku ya sherehe utatuonyesha kipimo mbele ya mgeni rasmi. Uvae koti jeupe. Linapendeza."

Sherehe ilifanyika kituoni kwa Mjomba. Hema lilifungwa kati ya pampu na choo, viti vikavalishwa vitambaa, spika zikakoroma. Mgeni rasmi, mheshimiwa mnene mwenye tabasamu la kudumu, alifika na msafara wake, na Mjomba akaagiza magari yote ya msafara yajazwe mafuta papo hapo, zawadi ya kituo. Kisha hotuba zikaanza. Mkurugenzi alisema mengi kuhusu uadilifu na akatumia neno "mapinduzi" kila alipokosa jingine. Mjomba alikaa mstari wa mbele ndani ya suti mpya, akipepesa macho kila kamera ilipomwelekea.

Mkemia aliitwa. Alitia petroli ya Mjomba kwenye kichupa, akabonyeza kurunzi, akasoma kwa sauti isiyo na chumvi: "Mia tatu na hamsini na mbili." Makofi yakapigwa mpaka hema likatikisika.

Hakurudi kukaa. Alisogea kwenye meza ya mgeni rasmi, akachukua chupa ya ile soda chungu yenye kwinini, akamimina kidogo kwenye kichupa safi, akabonyeza.

"Mia mbili na sabini," alisema. "Na hii, Mheshimiwa, si petroli. Ni kwinini ya soda yako inayong'aa."

Mwandishi mmoja wa habari alianza kuinua kalamu. Mkemia akajiambia: haya, ukweli umesimama kwa miguu yake.

Mkurugenzi aliruka na kunyakua kipaza sauti. "Ndugu wananchi, mmejionea wenyewe! Hata vinywaji vyetu leo vimelipiwa ushuru, tena mara mbili na zaidi!"

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza. Mgeni rasmi aliinua glasi yake, akaitazama kwa fahari, akanywa yote. Mkemia alibaki amesimama na kichupa mkononi, katika koti lake jeupe, na kwa mara ya kwanza maishani akatamani angesomea ushonaji.

Mjomba alikuwa ameshasimama kwenda kupokea kikombe wakati vurugu zilipoanza mlangoni mwa hema. Mlinzi alikuwa akimzuia mtu, na mtu huyo alikuwa hazuiliki. Mama aliingia, nguo zake zimejaa unga mpaka kwenye nyusi, dumu mkononi.

"Samahanini, wageni," alisema. "Sikuja mkutanoni. Nimekuja kwa mdogo wangu."

"Dada, kaa kwanza, tutaongea—"

"Sikai. Injini imekufa. Watu wamepanga ndoo mpaka barabarani, watoto wao wanasubiri unga, na injini inakohoa moshi kama mzee wa tumbaku. Nimemwita fundi. Amefungua, amemulika na tochi yake ya zambarau kutafuta panapovuja. Injini yote inang'aa! Hata tangi linang'aa! Fundi ananiambia, 'Mama, hii rangi nilimuuzia mdogo wako, nilidhani ana viyoyozi vingi.'"

"Dada, mambo ya nyumbani—"

"Hili dumu limetoka nyumbani? Limetoka hapa!" Mama alilitua mezani, karibu na kikombe. Hakuwa akipiga kelele tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Miaka yote najiuliza kwa nini unajaza gari lako ng'ambo ya barabara. Nilisema mdogo wangu ana roho nzuri. Basi leo fanya moja tu niridhike. Chukua mpira wa pampu yako, ujaze gari lako mwenyewe, hapa, mbele ya watu hawa."

"Wazo zuri sana!" mgeni rasmi alisema, akidhani ni sehemu ya ratiba. "Mwenye kituo atupe mfano!"

Spika ziliacha kukoroma. Mjomba alitembea mpaka kwenye pampu, akaushika mpira. Gari lake jipya lilikuwa pale pale, limeoshwa kwa ajili ya picha. Alifungua kifuniko cha tangi. Mkono ukasimama hewani. Alimtazama dada yake, akamtazama mpwa wake, akalitazama gari.

"Tangi... limejaa," alisema.

Hakuna aliyecheka. Alirudisha mpira mahali pake polepole, kama mtu anayelaza mtoto, na watu wote wakaelewa, pamoja na wale waliosinzia wakati wa hotuba.

Mgeni rasmi peke yake bado alikuwa akitafakari. Alimwinamia dereva wake. "Sisi tulijaza wapi?"

"Hapa hapa, Mheshimiwa. Magari yote. Tulipewa bure."

Tabasamu la kudumu likaondoka, na pale ndipo suala la vinasaba lilipogeuka kuwa la kitaifa.

Mambo yaliyofuata yalikwenda mbio. Matangi ya msafara yalifyonzwa mpaka tone la mwisho. Iliamriwa kwamba vituo vyote vipimwe upya kwa spektromita, na Mkemia akafanya kazi hiyo hadi koti jeupe likageuka kijivu. Vituo vingi vilifungwa, cha Mjomba kikiwa cha kwanza. Mkurugenzi aliwaambia waandishi wa habari kwamba yeye alikuwa na mashaka na kurunzi tangu siku ya kwanza, na kwa ajili ya msimamo huo wa ujasiri akateuliwa kuongoza kamati ya kuchunguza nani alizinunua. Kamati hiyo bado inakutana. Kurunzi zenyewe walipewa walinzi wa ghala, na zimewafaa sana, kwa kuwa nge naye hung'aa akimulikwa kwa mwanga ule wa zambarau. Tangu hapo hakuna mlinzi aliyeumwa.

Mjomba alikaa muda mrefu bila kusema na Mkemia. Walipokutana kwa Mama, alipokea shikamoo kwa kukohoa. Ni Mama aliyechoka nao. Siku moja aliwaketisha wote wawili bandani, pembeni ya injini iliyofufuka.

"Wewe uliiba," alimwambia mdogo wake. "Tena ukaniibia hata mimi, kwa kunipa bure. Na wewe," alimgeukia binti yake, "unajilaumu nini? Unakonda kwa sababu ulimweleza mtu kazi yako? Anayefundishwa kuwasha moto akachoma nyumba, lawama ni ya mwalimu?"

Mkemia alisema, "Nilifurahi aliponiuliza, Mama. Hilo ndilo linaloniuma."

Mjomba aliinamisha kichwa, akachezea funguo zake. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Na mimi nilifurahi kusikiliza. Mpaka pale pa rangi nilikuwa nasikiliza kweli. Vile vikombe, mwanga unavyopanda, unavyoshuka." Akasafisha koo. "Baada ya hapo shetani naye akavuta kiti."

Mama aliwasha injini, na mazungumzo yakaishia hapo, kwa sababu hakuna anayesikika mashine ikisaga.

Alipomaliza adhabu yake ya kufungiwa, Mjomba alifungua kituo tena. Alinunua petroli bohari kuu, kwa mlango wa mbele, akilalamikia bei njia nzima. Kabla ya kuuza hata lita moja alibeba sampuli mwenyewe mpaka maabara, amevaa ile suti ya sherehe.

"Siwezi kuipima mimi, Mjomba," Mkemia alimwambia mlangoni. "Wewe ni ndugu yangu. Atapima mwenzangu."

"Ndivyo inavyotakiwa," Mjomba alisema, na akakaa kwenye benchi la korido. Alikaa kama baba aliye nje ya wodi ya wazazi. Kila mlango ulipolia, alisimama. Alikunja mikono, akaikunjua. Alimwuliza mfagizi kama mashine huwa inachelewa.

Mwenzake Mkemia alitoka na karatasi, na Mkemia akampelekea Mjomba mwenyewe. Kilele kimoja tu, kimesimama mahali pake, kirefu na chembamba.

"Tisini na saba," alisema. "Umepita, Mjomba."

Mjomba aliushika mchoro kwa mikono miwili. Macho yalimlowa, lakini haikuchukua muda, mara paji la uso likakunjamana.

"Hizo tatu zilizobaki zimekwenda wapi? Mimi safari hii sijagusa kitu!"

"Hizo si zako. Kila kipimo kina nafasi ndogo ya kukosea. Tunairuhusu."

"Mnairuhusu?" Mjomba aliinua kichwa, akautazama mlango wa maabara kwa macho mapya. "Kumbe hata mashine ina mjomba."